Mpangilio wa Safari ya Mgonjwa: Mwelekeo wa Matumizi ya Tiba Asili, Tiba Mbadala na Virutubisho katika Musoma, Bunda na Butiama tangu Enzi ya Ukoloni

Utangulizi

Daktari anayesimamia huduma za afya katika wilaya ya Tanzania huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mzee wa kijijini anayechimba mizizi, kuianika na kuitwanga naye huitwa mganga. Kiswahili hakikuona haja ya kuwatenga watu hawa wawili kwa nomino. Kiliwatenga kwa kivumishi, na kivumishi chenyewe kimebadilika kadiri dola ilivyobadili mtazamo wake: mganga wa kienyeji, mganga wa jadi na sasa, katika nyaraka rasmi, mganga wa tiba asili. Neno dawa nalo ni pana vivyo hivyo. Hutaja kidonge cha hospitali, gome la mti, kinachopuliziwa pamba shambani na hata kinachong'arisha kiatu. Upana huu ni ushahidi wa kihistoria ambao haustahili kupitwa haraka, kwa kuwa unaonyesha kwamba wasemaji wa lugha hii hawakuanza na ulimwengu wa tiba mbili zinazopingana. Mgawanyo huo uliletwa baadaye, na uliletwa na sheria.

Makala haya yanachunguza mwelekeo wa matumizi ya tiba zilizo nje ya hospitali, pamoja na virutubisho, katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara. Kwa sehemu kubwa ya kipindi kinachozungumziwa, Butiama ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Musoma, hivyo jina la Musoma linapotajwa katika habari za ukoloni na za miongo ya mwanzo ya uhuru linabeba pia vijiji vya Wazanaki. Hoja inayojengwa ni kwamba kilichobadilika katika eneo hili si imani ya watu kuhusu tiba ipi ni ya kweli. Kilichobadilika ni mpangilio wa safari ya mgonjwa: anaanzia wapi, anahamia wapi, na baada ya muda gani. Mpangilio huo umesukumwa na aina ya ugonjwa, bei, umbali na sheria kuliko ulivyosukumwa na mgongano wa mila na usasa. Jambo hili lina uzito nje ya vitabu, kwa kuwa muda unaopotea kati ya hatua moja na nyingine ndio mara nyingi unaoamua kama mtoto mwenye homa kali atapona.

Tatizo la kupima mwelekeo

Nchi chache zimejipima katika suala hili kwa uangalifu wa Norway. Kituo cha taifa cha utafiti wa tiba mbadala, kinachojulikana kwa kifupi kama NAFKAM na kilichopo Tromsø, kimekuwa kikiwauliza wananchi mara kwa mara tangu mwaka 2007 kuhusu tiba walizotumia katika miezi iliyotangulia: sindano za Kichina, ukandaji, mitishamba, virutubisho na mengineyo. Mtafiti wa huko anaweza kuweka mwaka mmoja kando ya mwingine na kuona mstari unapanda au unashuka. Nyuma ya hesabu hiyo kuna historia ya sheria. Mwaka 1936 Norway ilipitisha sheria dhidi ya matabibu wasio na leseni. Sheria hiyo ilifutwa na nyingine ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika Januari 2004, ambayo inaruhusu tiba mbadala lakini inaacha matibabu ya magonjwa mazito mikononi mwa wataalamu wa afya. Mwaka mmoja kabla yake, Tanzania ilikuwa imepitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002. Nchi mbili zisizofanana karibu kwa lolote ziliandika sheria juu ya jambo moja zikiwa zimepishana mwaka mmoja tu.

Hata hivyo, ufanano huo unaishia kwenye tarehe. Mnorway anayekwenda kuchomwa sindano za Kichina anaondoka, kwa saa chache, katika mfumo wa hospitali unaomzunguka tangu kuzaliwa, na neno mbadala lina maana kamili kwake. Kwa mkazi wa Majita au Ikizu mwanzoni mwa karne ya 20, kilichokuwa mbadala ni hospitali yenyewe.

Kwa Afrika, takwimu inayotajwa zaidi ni ile ya Shirika la Afya Duniani kwamba watu wanaotumia tiba asili hufikia asilimia 80. Imenukuliwa katika tasnifu na hotuba nyingi hadi imekuwa kama methali, na kama methali, haina tarehe. Inamweka katika kapu moja anayechemsha mchaichai kwa ajili ya mafua na anayeacha matibabu ya saratani ili akatibiwe porini. Kwa mwanahistoria takwimu isiyo na wakati haisaidii kitu: haiwezi kuonyesha mwelekeo, kwa kuwa mwelekeo unahitaji angalau nukta mbili. Mara haina uchunguzi wa mfululizo kama ule wa Tromsø. Kwa sababu hiyo makala haya yanausoma mwelekeo katika vyanzo vingine: sheria, misamiati, historia ya misheni, ada za hospitali, mipaka ya hifadhi na barabara ambazo wagonjwa walipitia.

Uganga kabla na baada ya kuja kwa dola

Kusini mwa Mara, afya ya mwili haikutengwa na afya ya nchi. Masimulizi ya Waikizu, ambayo Jan Bender Shetler ameyachapisha na kuyachambua, yanamweka Nyakinywa, mwanamke mwenye uwezo wa kuleta mvua, katika asili ya utawala wao. Mvua, rutuba ya wanawake, usalama wa mifugo na kupona kwa mgonjwa vilikuwa chini ya mamlaka zilizohusiana. Mganga wa mitishamba alikuwa sehemu ndogo tu ya mpangilio huo, na pembeni yake walikuwapo wakunga, waunga mifupa, waaguzi na viongozi wa mvua. Wajaluo walioenea kutoka kaskazini walikuja na istilahi yao ya ajuoga, Wajita walikuwa na omufumu, na majirani walivuka mipaka ya lugha kufuata umahiri. Tabia ya kumfuata mtaalamu wa mbali, ambayo baadaye itaonekana katika tukio la Loliondo, haikuzaliwa na redio wala simu.

Tiba ya Wazungu iliwafikia watu wa ziwa kwa sura isiyopendeza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi kandokando ya Ziwa Victoria. Robert Koch aliendesha matibabu katika Visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907 kwa kutumia atoksili, dawa yenye aseniki ambayo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Kambi, kutengwa na kuhamishwa kwa vijiji vilikuwa sehemu ya matibabu. Hospitali kama mahali pa kwenda kwa hiari ilikuja zaidi kupitia misheni. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Waadventista wa Sabato kutoka Ujerumani walikuwa na vituo Majita na Busegwe, na Mapadre Weupe walikuwa Nyegina. Mwaka 1934 Wamenonaiti wa Marekani walifika Shirati, kaskazini zaidi, na hospitali yao ikaja kuwa kimbilio la wagonjwa wa mkoa mzima.

Waadventista wanastahili kuangaliwa kwa namna ya pekee katika historia ya virutubisho. Dhehebu hilo lilikuja na mafundisho ya afya yaliyokomaa Marekani katika karne ya 19, ambako mmoja wa waumini wake, John Harvey Kellogg, aliongoza kituo maarufu cha tiba ya maji na vyakula vya nafaka huko Battle Creek. Kukataa pombe, tumbaku na nyama ya nguruwe, kupendelea matunda na nafaka, na kuamini kwamba chakula ni kinga ya ugonjwa ni mafundisho ambayo katika Ulaya ya wakati huo yangehesabiwa kuwa tiba mbadala. Katika Busegwe na baadaye Ikizu yalifika yakiwa yamevaa joho la dini na shule. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Wamisionari walileta tiba ya kisasa na kuikuta tiba ya jadi. Walikuja na tiba zao zaidi ya moja, nyingine zikiwa na wapinzani huko zilikotoka.

Upande wa serikali, Waingereza walitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Iliadhibu umiliki wa zana za uchawi kwa nia ya kudhuru na kumpa mtawala wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa. Mganga alijikuta katika hali ya utata, kwa kuwa zana zake za kuagua zingeweza kusomwa kama ushahidi. Sheria ya mwaka 1959 ya madaktari na madaktari wa meno, kwa upande mwingine, iliacha nafasi kwa waganga wanaotambuliwa na jamii zao kuendelea na kazi. Serikali ya kikoloni ilimvumilia mwenye mitishamba na kumshuku mwaguzi, ilhali kijijini mara nyingi walikuwa mtu mmoja.

Sindano iliyopendwa na sindano iliyoogopwa

Kisa kimoja kinavunja dhana kwamba watu wa Mara, au Waafrika Mashariki kwa jumla, walikuwa wakichagua kati ya imani mbili. Katika miaka ya 1920 matibabu ya buba kwa sindano yalienea Tanganyika. Vidonda vilivyodumu kwa miezi vilikauka kwa siku chache, na watu walimiminika katika vituo vya matibabu kuliko serikali ilivyotarajia. Kuanzia katikati ya muongo huo zilifunguliwa zahanati ndogo za serikali za wenyeji zikihudumiwa na madresa waliofunzwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache. Sindano ikawa alama ya tiba yenye nguvu. Wagonjwa waliidai hata pale ambapo kidonge kingetosha, na tabia hiyo haijaisha.

Sindano hiyohiyo iliogopwa mahali pengine. Ugonjwa wa degedege, yaani homa ya mtoto inayoambatana na mtukutiko wa mwili na macho kugeuka, uliaminiwa katika sehemu nyingi za Tanzania kuwa hauhusiani na malaria, na kwamba mtoto akichomwa sindano angali katika hali hiyo atakufa. Utafiti wa Makemba na wenzake uliochapishwa mwaka 1996 ulieleza imani hii huko Bagamoyo: mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, hufukizwa au kuoshwa kwa dawa, na hospitali hufuata mtukutiko ukishatulia. Bagamoyo iko mbali na Ziwa Victoria, na matokeo yake hayawezi kuhamishiwa Bunda bila tahadhari. Lakini neno degedege limesafiri pamoja na Kiswahili, na malaria ya kandokando ya ziwa ni kali. Mpangilio wa hatua ulioelezwa huko unatoa kielelezo cha kufikiria.

Tafsiri ya kawaida ni kwamba huu ni ujinga unaohitaji elimu. Tafsiri hiyo haielezi kwa nini mama yuleyule anayekimbilia sindano kwa kidonda anaikimbia kwa degedege. Maelezo bora yako katika uzoefu. Mtoto aliyefikishwa zahanati akiwa tayari na malaria kali mara nyingi alikufa muda mfupi baada ya kuchomwa, kwa sababu alichelewa. Waliobaki nyumbani waliona sindano na kifo vikifuatana, wakaunganisha. Hitimisho lao lilikuwa na makosa, lakini lilitokana na kuangalia, na kila kifo kilichotokana na kuchelewa kiliongeza sababu ya kuchelewa tena. Huo ni mduara ambao mabango ya afya peke yake hayawezi kuuvunja.

Ni lazima pia kukumbuka nani anaamua. John Janzen, akiandika mwaka 1978 kuhusu Kongo ya chini, alionyesha kwamba ni kundi la ndugu linaloongoza matibabu kuliko mgonjwa mwenyewe. Hali hiyo inafahamika katika jamii za Mara zinazofuata ukoo wa baba. Mama mdogo wa umri, aliyeolewa katika mji wa wakwe, hapangi peke yake kama mtoto aende hospitali usiku. Kuna mama mkwe mwenye uzoefu wa watoto wengi, kuna mume ambaye huenda yuko ziwani akivua, na kuna swali la nani atauza kuku au mbuzi kwa ajili ya nauli. Uganga uko karibu na hukubali kulipwa baadaye, na katika saa hizo za usiku fadhila hizo mbili zina nguvu kuliko mafundisho yoyote.

Ujamaa, Wachina na ada

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 serikali ilipanua zahanati vijijini na kutoa matibabu bila malipo. Mwaka 1977 ilizuia hospitali binafsi za biashara. Katika kipindi hicho tiba asili iliingizwa katika lugha ya kujitegemea: mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilikuwa Taasisi ya Tiba Asili. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliwataja waganga na wakunga wa jadi kuwa washirika wa afya ya msingi. Sera na utekelezaji, hata hivyo, vilipishana. Ofisi ya Wizara iliyowasimamia waganga ilikuwa ya utamaduni, kana kwamba mitishamba ni ngoma, na si hadi mwaka 1989 ambapo jukumu hilo lilihamia Wizara ya Afya.

Musoma ilipata ugeni mwingine. Mwaka 1968 China ilianza kutuma timu za madaktari Tanzania kutoka jimbo la Shandong, na Musoma ilikuwa miongoni mwa vituo vya mikoani walikopangiwa. Walikuwa madaktari wa hospitali, wapasuaji na wa magonjwa ya ndani, lakini walitoka katika nchi ambayo sera yake ilikuwa kuzitumia tiba mbili kwa pamoja, na tiba ya sindano za Kichina ilikuwa sehemu ya sifa zao. Hapa ndipo istilahi ya tiba mbadala, kama itakavyotumika katika sheria ya 2002, inapopata maana yake ya Kitanzania. Tiba asili ni ya hapa. Tiba mbadala ni ya kigeni isiyokuwa ya hospitali za kawaida. Kwa mgonjwa wa Musoma, hata hivyo, Mchina aliyemchoma sindano nyembamba alikuwa ndani ya hospitali ya serikali, amevaa koti jeupe. Mpaka wa kisheria ulipita katikati ya kitu ambacho yeye alikiona kimoja.

Historia ya malaria iliongeza kejeli yake. Klorokwini iliposhindwa, Tanzania ilihamia dawa ya SP mwaka 2001, kisha dawa mseto ya ALu mwishoni mwa mwaka 2006. Kiungo chake kikuu kimetokana na artemisinini, iliyogunduliwa na watafiti wa China waliorudi katika maandishi ya kale ya mitishamba. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Kidonge kinachotolewa zahanati ya Bunda dhidi ya mizizi ya mganga kina asili katika mitishamba ya nchi nyingine. Tofauti kati yake na mwarobaini wa uani haiko katika asili. Iko katika kupimwa: kiasi kinajulikana, madhara yamehesabiwa, na kinachofanya kazi kimetengwa.

Mwaka 1993 serikali ilirejesha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake, huku ikisamehe baadhi ya makundi wakiwamo wajawazito na watoto wadogo. Msamaha wa ada haukuondoa nauli, sindano iliyokosekana bohari wala dawa iliyopaswa kununuliwa duka la mtaani. Kurudi kwa wagonjwa kwa waganga katika miaka hiyo mara nyingi kumeelezwa kama kufufuka kwa mila. Maelezo ya bei ni ya wazi zaidi. Mganga alikubali kulipwa kwa awamu, na wengine hawakudai chochote hadi mgonjwa apone, mkataba ambao hakuna hospitali iliyoweza kuutoa.

Pori linalofungwa

Wakati hospitali ilipozidi kuwa ghali, dawa za porini nazo zilizidi kuwa mbali. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na mwaka 1994 mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yalitangazwa magharibi mwake, yakigusa ardhi iliyotumiwa na watu wa Bunda na Serengeti. Shetler, katika Imagining Serengeti ya mwaka 2007, anaonyesha jinsi jamii za magharibi mwa Serengeti zilivyohifadhi kumbukumbu zao katika mabonde na vilima walivyonyimwa kuvikanyaga. Kwa mganga, kumbukumbu hiyo ni ya kikazi: gome la mti fulani kwenye kilima fulani. Kuingia pori la akiba bila kibali ni kosa, iwe mtu amebeba upinde au jembe la kuchimbia mizizi. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 tayari vilikuwa vimewahamisha watu kutoka kwenye mbuga walizozijua. Matokeo yake ni kwamba dawa iliyokuwa ikichumwa ilianza kununuliwa, na iliyonunuliwa ilianza kusafiri katika magunia na chupa zisizo na jina la mti. Mabadiliko haya, ambayo hayakutangazwa na sheria yoyote ya afya, pengine yalibadilisha tiba asili kuliko sheria zote zilizotajwa.

Kusajili na kupiga marufuku

Sheria ya 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala na kuwataka waganga kusajiliwa. Mwombaji huanzia kwa viongozi wa kijiji na kupitia kwa mratibu wa wilaya, hivyo Mganga Mkuu aliyetajwa mwanzoni mwa makala haya amejikuta akimsimamia mganga mwenzake. Tangu mwaka 2003, tarehe 31 Agosti imekuwa siku ya tiba asili ya Afrika, na mabanda ya mitishamba hupangwa kwenye viwanja kwa hotuba za viongozi.

Lakini mkono uliosajili ulikuwa na mwenzake uliopiga marufuku. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoibuka hasa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007 yalihusishwa na waaguzi waliodai viungo vya binadamu vinaleta utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Hatua hizo zilikuwa na sababu nzito ambayo hakuna mtafiti anayepaswa kuipunguza. Hata hivyo, zilirudisha tatizo la mwaka 1928: mwenye mitishamba na mpiga ramli walitendewa kama mtu mmoja, na waliotii agizo walikuwa, kwa sehemu kubwa, waliokuwa na majina kwenye daftari. Mganga asiyesajiliwa hakuwa na leseni ya kufutwa.

Kikombe cha Samunge

Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Dawa ilichemshwa kutokana na mti wa mugariga, na ilisemwa kuwa inatibu kisukari, shinikizo la damu, saratani na UKIMWI. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Kutoka Mara njia ilielekea mashariki kupitia Mugumu na nyika za Serengeti, upande uleule ambao pori lilikuwa limefungwa kwa wachimba mizizi. Baadhi ya wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini, na wengine walikufa njiani au wakingoja zamu. Mwasapile alifariki Julai 2021, foleni ikiwa imekwisha zamani.

Mfa maji haachi kutapatapa, na wengi wamelisoma tukio hilo kwa jicho hilo tu. Kuna la zaidi. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa yale ambayo hospitali huyadhibiti bila kuyaponya, yanayodai vidonge na kliniki maisha yote. Kikombe kiliahidi mwisho. Shilingi 500 ilikuwa bei ya haki kwa mtazamo wa waliokwenda, lakini nauli haikuwa ya haki: familia ziliuza mifugo kulipia safari. Watafiti wa serikali walichunguza usalama wa dawa, na swali la usalama lilijibika kwa urahisi kuliko la pili, yaani idadi ya walioacha dawa zao za kila siku baada ya kunywa. Hapo ndipo madhara yalipokuwa, na hapo ndipo hoja ya mpangilio inapoonekana waziwazi. Kikombe chenyewe huenda hakikumdhuru mtu. Aliyekinywa na kuendelea na vidonge vyake hakupoteza kitu isipokuwa nauli. Aliyekinywa na kuviacha alikuwa amebadili mpangilio, na UKIMWI na kisukari havisamehe badiliko hilo.

Janga la UVIKO-19 lilirudia kisa hiki kwa kasi zaidi. Mwaka 2020 kujifukiza kwa majani kulihimizwa na Rais John Magufuli mwenyewe, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilitengeneza dawa ya NIMRCAF. Chanjo ilizinduliwa rasmi Julai 2021 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Kwa mara ya kwanza dola yenyewe ilikuwa imeanza na mvuke na kuishia kwenye sindano, kama mama wa mtoto mwenye degedege.

Virutubisho: kutoka udongo hadi kopo

Virutubisho hudhaniwa kuwa jambo jipya la mjini. Wajawazito wa Kanda ya Ziwa wamekula udongo tangu zamani, nao bado unauzwa sokoni kwa vipande. Kilicho kipya ni kopo. Tangu kufunguliwa kwa biashara katika miaka ya 1990, kampuni za kigeni zinazouza kupitia wanachama zimefikisha vidonge vya mafuta ya samaki, unga wa mlonge na chai za kupunguza mwili hadi miji midogo, na muuzaji mara nyingi ni mwalimu, muuguzi au muumini mwenzako. Usimamizi umebadilika pia: mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa iligeuzwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na masuala ya chakula yakahamia Shirika la Viwango. Bidhaa inayouzwa kama chakula na kusifiwa kama dawa imejikuta kati ya ofisi mbili.

Mlipaji wa kopo si yule wa mizizi. Mizizi hununuliwa na anayeumwa. Kopo hununuliwa na anayeogopa kuumwa, mwenye mshahara wa mwezi, na huyu anafanana na Mnorway wa takwimu za Tromsø kuliko anavyofanana na jirani yake wa Hunyari. Mnorway naye ana mazoea ya muda mrefu ya kunywa mafuta ya ini la samaki wakati wa baridi. Mara ina samaki wake. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20, aliifanya Musoma kuwa mji wa viwanda vya minofu katika miaka ya 1990. Mabondo yake, ambayo zamani hayakuwa na thamani kubwa, sasa hukaushwa na kuuzwa Asia ya Mashariki kama chakula cha kujenga mwili, kwa bei ambayo kwa kilo huipita minofu mara nyingi. Wanunuzi hupita kwenye mialo ya ziwa wakiyapima kwa mizani midogo, na mvuvi hupasua tumbo la samaki kwa uangalifu ili asilitoboe bondo.